Simu yako inaweza kukadiria idadi ya watu, lakini chunga mwaka unaouliza

Kwa kawaida sensa Tanzania hufanyika kila baada ya miaka 10. Mwaka 2002 walihesabiwa watu 34,443,603. Mwaka 2012 wakafika 44,928,923. Je, mwaka 2007, ambao haukuwa na sensa, nchi ilikuwa na watu wangapi?

Hakuna aliyewahesabu, ila jibu la karibu linaweza kupatikana kwa simu ya mkononi, tena kwa dakika tano tu. Kinachohitajika ni programu ya majedwali kama Google Sheets au Excel. Hizi ndizo programu ambazo wengi huzitumia kuandika hesabu za duka au michango ya harusi.

Hatua kwa hatua

Fungua jedwali jipya. Kwenye kisanduku A1 andika 2002, na B1 andika 34443603. Kwenye A2 andika 2012, na B2 andika 44928923. Usiweke koma ndani ya namba hizo, maana programu inaweza kuzisoma vibaya.

Sasa gusa kisanduku kitupu chochote, kisha andika:

=FORECAST(2007,B1:B2,A1:A2)

Jibu litakuja kama watu milioni 39.7. Simu ikigoma, jaribu kuweka nukta-mkato (;) mahali pa koma. Baadhi ya simu zimepangwa hivyo.

Programu imefanya nini hapo? Imechora mstari ulionyooka kutoka namba ya 2002 hadi ya 2012, halafu ikasoma mstari huo unapita wapi mwaka 2007. Basi. Hakuna uchawi.

Watu hawaongezeki kwa mstari ulionyooka

Tatizo ni kwamba mstari ulionyooka unaongeza idadi ileile kila mwaka. Watu hawako hivyo. Wakiwa wengi, na watoto wanaozaliwa huwa wengi zaidi, hivyo mstari unapinda kwenda juu.

Programu hizi zina fomula nyingine kwa ajili hiyo. Yenyewe huongeza kwa asilimia, kama riba ya mkopo inayozaa riba:

=GROWTH(B1:B2,A1:A2,2007)

Safari hii jibu ni milioni 39.3. Tofauti ya fomula hizi mbili haifiki watu 350,000, yaani chini ya asilimia 1. Kwa kazi nyingi, hapo hakuna ugomvi.

Sababu yake ni rahisi. Mwaka 2007 uko katikati ya namba mbili zinazojulikana. Ni kama kujua gari liliondoka Morogoro saa 2 asubuhi na likafika Dodoma saa 6 mchana. Ukiulizwa saa 4 lilikuwa wapi, unaweza kukosea kidogo, lakini huwezi kusema lilikuwa Mbeya.

Mtihani wa kweli: mwaka 2022

Kubashiri mbele ni habari nyingine. Rudi kwenye fomula zilezile mbili, badilisha 2007 iwe 2022. Chukulia ni mwaka 2013 na mtu anataka kujua sensa ijayo italeta nini.

Fomula ya mstari ulionyooka inatoa watu milioni 55.4. Fomula ya asilimia inatoa milioni 58.6.

Sensa ya 2022 ilipofanyika, walihesabiwa watu 61,741,120.

Fomula zote mbili zimekosea. Ya kwanza imeacha nje watu milioni 6.3. Hao ni wengi kuliko wakazi wote wa Mkoa wa Dar es Salaam, ambao kwenye sensa hiyohiyo walikuwa takriban milioni 5.4. Ya pili ina nafuu, lakini nayo imeacha nje zaidi ya milioni 3.

Kilichotokea ni kwamba kasi yenyewe ilibadilika. Kati ya 2002 na 2012 idadi ya watu ilikua kwa wastani wa asilimia 2.7 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 ikapanda hadi asilimia 3.2. Fomula haikuwa na njia ya kulijua hilo, kwa sababu inajua tu kile ilichopewa.

Na hili si suala la namba kwenye karatasi. Mtu akipanga madarasa, visima au dawa za zahanati kwa kufuata mstari ule, mamilioni ya watu wanakuwa hawamo kwenye mpango kabla hata hawajafika foleni.

Ukienda mbali zaidi, pengo linakua

Weka sasa namba za 2012 na 2022, kisha uliza mwaka 2050. Mstari ulionyooka utasema karibu milioni 109. Fomula ya asilimia itasema milioni 150. Data ni ileile na simu ni ileile, ila majibu yanapishana kwa watu zaidi ya milioni 41.

Ndiyo maana wataalamu wa takwimu hawatabiri kwa kuvuta mstari tu. Wanaangalia watoto wangapi wanazaliwa, watu wangapi wanafariki katika kila rika, na wangapi wanahama au kuhamia. Halafu hutoa makadirio ya juu, ya kati na ya chini, badala ya namba moja.

Mambo matatu ya kushika

Iwe unakadiria mauzo ya duka, maziwa ya ng'ombe au matumizi ya umeme, kanuni ni zilezile.

Kwanza, kadiria katikati bila hofu kubwa, mradi hakuna jambo kubwa lililotokea hapo kati, kama duka kufungwa miezi miwili.

Pili, kabla ya kubashiri mbele, ipime fomula yako. Ficha namba ya mwisho unayoijua, iambie programu iitabiri, kisha linganisha. Ikikosea kwa jambo ambalo tayari limetokea, usiiamini kwa lile ambalo bado.

Tatu, tumia fomula zote mbili. Zikikaribiana, endelea kwa tahadhari. Zikipishana sana, simu inakuambia kwamba data ulizonazo hazitoshi. Tafuta nyingine kabla ya kutoa hela mfukoni.