Sindano ya ujana: jua kilichomo kabla ya kudungwa

Kutoka Gihundwe hadi mpakani Rusizi ni mwendo mfupi, na ng'ambo ya daraja ni Bukavu. Hapo hupita unga, nyanya, vitenge, samaki na vipodozi. Vipodozi vimewapa maafisa kazi kwa miaka mingi. Novemba 2018, Rais Paul Kagame aliandika kwenye Twitter kwamba kujichubua kunadhuru afya na kwamba kemikali zilizopigwa marufuku zinatumika, akaitaka Wizara ya Afya na polisi wachukue hatua haraka. Msako ukafuata madukani.

Wakati krimu zikisakwa, urembo katika miji ya kanda hii umeshafika kwenye sindano. Tatizo ni kwamba neno moja, "botox", hutumiwa kutaja karibu kila kitu kinachodungwa usoni, ilhali dawa hizo hazifanyi kazi moja.

Botox yenyewe ni sumu iliyopunguzwa makali kwa kipimo kidogo mno. Bakteria anayeitengeneza alitambuliwa na profesa wa Ubelgiji, Émile van Ermengem, baada ya wanamuziki wa kijiji cha Ellezelles kula nyama ya nguruwe iliyoharibika kwenye mazishi mwaka 1895, watatu walifariki. Karibu karne moja baadaye madaktari waliitumia kutibu makengeza, na mwaka 2002 Marekani ikairuhusu kwa mikunjo iliyo kati ya nyusi. Huzuia neva kuuamuru msuli ujikaze. Kwa hiyo inamfaa mtu ambaye mikunjo yake inatokana na kukunja uso: paji, kati ya nyusi, pembeni mwa macho. Matokeo huonekana baada ya siku chache na hudumu miezi mitatu hadi minne, kisha mtu hulipa tena.

Mwenye mashavu yaliyobonyea hatasaidiwa na botox hata adungwe mara kumi. Huyo anahitaji kijazio, au fila kama wengi wanavyoiita. Kinachotumika zaidi ni asidi ya haialuroni, kitu kilichomo mwilini na kinachovuta maji. Hudumu kuanzia miezi sita hadi mwaka na zaidi, na uzuri wake ni kwamba ikikosewa, kuna dawa ya kuiyeyusha. Lakini ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa na jicho kupofuka. Vitabu husema ngozi hugeuka nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo ni mgumu kuuona, kwa hiyo maumivu makali ya ghafla au macho kuingia giza ndiyo dalili za kutosubiri. Anayedunga fila bila kuwa na dawa ya kuyeyusha mezani hafai kuguswa na uso wa mtu yeyote.

Aina nyingine huuchochea mwili utengeneze kolajeni wake wenyewe, polepole, kwa miezi. Mojawapo iliruhusiwa Marekani mwaka 2004, si kwa urembo, bali kwa watu wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wamekonda nyuso. Afrika Mashariki inazikumbuka nyuso hizo vizuri: dawa ya stavudini, iliyotumika sana wakati huo, iliondoa mafuta mashavuni kiasi kwamba majirani walimtambua mgonjwa kabla hajasema neno. Kwa wagonjwa hao, sindano hiyo haikuwa anasa hata kidogo.

Wapo pia wanaochukua damu ya mteja, kuizungusha kwenye mashine na kuirudisha usoni. Damu ni yake, lakini vifaa je? Aprili 2024, maafisa wa afya wa Marekani walieleza kwamba wateja wa spa moja ya New Mexico isiyo na leseni waliambukizwa virusi vya UKIMWI kwa njia hiyo.

Na sindano ya glutathioni? Hiyo huuzwa ili kung'arisha ngozi na haihusiani na mikunjo. Ni mkorogo ulioacha kopo na kuingia mshipani.

Kabla ya kuchagua, mtu ajiangalie vizuri kwenye kioo. Melanini huikinga ngozi nyeusi na jua, hivyo mikunjo midogo huchelewa. Kinachotangulia mara nyingi ni madoa na mashavu kushuka. Botox haifuti doa. Kofia na mafuta ya kukinga jua yatamsaidia zaidi mwenye madoa, hasa huku juu ya Ziwa Kivu, karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Na mwenye ngozi inayoota makovu makubwa amwambie daktari mapema.

Kuna jambo la mpaka pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja vya vipodozi, lakini vinahusu vitu vya kupakwa. Kinachodungwa ni dawa au kifaa cha tiba, na nchini Rwanda ni kazi ya mamlaka ya chakula na dawa, Rwanda FDA. Isitoshe, kichupa cha Botox ambacho hakijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kilichovushwa daraja ndani ya mkoba, juani, hakuna anayejua kimebaki na nini. Hata Marekani, hadi katikati ya Aprili 2024, watu 22 katika majimbo 11 walikuwa wamepata madhara baada ya kudungwa sindano bandia au na watu wasiostahili, 11 walilazwa.

Anayeishi Gihundwe na kuamua kwenda Kigali kwa daktari wa ngozi ajumlishe pia nauli ya basi kupitia Nyungwe, kwenda na kurudi, na ya safari ya pili: baada ya wiki mbili daktari huhitaji kuona kazi yake. Huko aombe kichupa kifunguliwe mbele yake, asome jina na tarehe ya mwisho, na apige picha ya lebo. Akianza kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, au kushindwa kumeza au kupumua, aende hospitali ya karibu siku hiyo hiyo na aonyeshe picha ile.