Difu ya Mombasa, mlima wa Kabale

Kutoka Mombasa hadi Kigali kwa kupitia Nairobi, Malaba na Kampala ni karibu kilomita 1,700. Gari huanzia usawa wa bahari, hufika Nairobi kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 pale Timboroa, hushuka kuelekea Malaba, kisha baada ya Mbarara huanza upya na vilima vya Ntungamo na Kabale hadi mpaka wa Katuna. Njiani dereva atabadilisha sarafu mara mbili na upande wa barabara mara moja. Difu haibadilishwi njiani. Iliyofungwa gereji ndiyo itakayokwenda safari nzima.

Hapo ndipo wenye magari ya kutembelea wanaponaswa, hasa wanaopenda sedani za zamani zinazosukumwa na matairi ya nyuma, kama Toyota Mark II, Chaser na Crown. Magari haya hupendwa kwa sababu yanatulia barabarani na fundi yeyote anayaelewa. Injini ikichoka hubadilishwa, gia boksi ikifa hutafutwa nyingine, na baada ya miaka kadhaa gari huwa na vipande vya magari matatu. Mwenyewe anajua injini ni ya nini. Ukimuuliza namba ya difu, wengi hawana jibu.

Namba hiyo ni rahisi kuielewa. Difu ya 4.1 ina maana kwamba propela huzunguka mara 4.1 ili tairi lizunguke mara moja. Hutokana na meno: krauni yenye meno 41 ikiendeshwa na pinioni yenye meno 10. Namba ikiwa kubwa, gari huondoka kwa nguvu na hupanda mlima kwa urahisi, lakini injini hupiga kelele na kunywa mafuta kwenye barabara ndefu iliyonyooka. Namba ikiwa ndogo, injini hutulia, ila mlima huwa adhabu.

Chukua gari lenye matairi ya 215/60R16, ambayo duara lake ni karibu mita 2.09, na gia ya juu yenye uwiano wa 0.7. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, difu ya 3.7 itaizungusha injini takriban mara 2,070 kwa dakika. Difu ya 4.3 itaizungusha mara 2,400. Tofauti hiyo ya mizunguko 330 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye tambarare ya Tsavo, saa nzima bila kona ya maana, inasikika masikioni na kwenye mfuko. Ukifika Timboroa hesabu inageuka, na yule mwenye 4.3 ndiye anayecheka.

Timboroa kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani hulisahau. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwenye mita 2,700 karibu robo ya nguvu imekwenda. Gari lililokuwa jepesi Nyali linafika huko likiwa na abiria watano, mizigo ya harusi kwenye buti, na robo tatu tu ya injini. Kama difu ni ya 3.7 au chini ya hapo, gia boksi ya otomatiki itahangaika kati ya gia ya nne na ya tatu, ikipanda na kushuka kila baada ya sekunde chache.

Kuhangaika huko ndiko kunakoileta konveta kwenye mazungumzo. Konveta ni lile boga la chuma lililo kati ya injini na gia boksi ya otomatiki, linalofanya kazi ya klachi kwa kutumia mafuta. Upande wa injini huyasukuma mafuta, upande wa gia boksi huyapokea na kuzunguka. Gari likiwa linaondoka, konveta huongeza nguvu ya kuzungusha hadi kama mara mbili. Kwenye mwendo wa safari, konveta nyingi za kisasa hujifunga, pande mbili zikazunguka kama kitu kimoja. Isipojifunga, huteleza kidogo wakati wote, na mtelezo huo hugeuka joto ndani ya mafuta.

Kila konveta ina kiwango chake cha mizunguko ambapo huanza kushika vizuri. Zinazokuja na magari ya kawaida hushika kwenye mizunguko 2,000 hivi. Wapenda mbio hununua zinazoshika kwenye 3,000 au zaidi, kwa sababu gari huruka likiachiwa kwenye taa. Kwa gari la safari, hizo ni pesa zilizotupwa. Mwenye difu ya 3.7 anayekwenda kilomita 100 kwa saa yuko kwenye mizunguko 2,070. Akifunga konveta ya 3,000 isiyojifunga, itateleza kutoka Mtito Andei hadi Mlolongo. Mafuta ya gia boksi yakifika nyuzi joto 120 huanza kuungua. Yakitoka meusi na kunuka kama kitu kilichobabuka, gia boksi imeanza kufa.

Kwa hiyo vitu hivi viwili huchaguliwa pamoja, na hesabu huanzia kwenye kasi ya safari. Mizunguko ya injini kwenye kasi hiyo iwe juu ya kiwango cha konveta, au konveta iwe inayojifunga. Kwa sedani ya familia inayovuka ukanda huu, chaguo la busara halina mbwembwe: ibaki konveta ya kiwandani inayojifunga, difu ipandishwe hatua moja, tuseme kutoka 3.7 kwenda 4.1, na iongezwe rejeta ndogo ya kupoza mafuta ya gia boksi mbele ya ile ya maji. Matairi nayo yasiguswe. Anayefunga matairi marefu zaidi, kutoka kipenyo cha milimita 664 hadi 730, ameigeuza difu yake ya 3.7 kuwa kama ya 3.4 bila kujua.

Kupanda ni nusu ya habari. Barabara ya kutoka Timboroa kuelekea Nakuru hupita Sachang'wan na Salgaa, majina ambayo kila msomaji wa habari za ajali Kenya anayajua. Difu ya namba ndogo hupunguza uwezo wa injini kulizuia gari kwenye mteremko, na konveta iliyojifungua hupunguza zaidi. Mzigo wote huenda kwenye breki. Dereva wa otomatiki anayeacha gia kwenye D kwenye mteremko huo amezipa breki kazi ya mashine mbili. Gia ya pili au ya tatu iwekwe kabla ya kuanza kushuka.

Vipuri vyenyewe vinavuka mipaka kwa kufuata sheria zinazotofautiana. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Uganda imeweka kikomo cha miaka 15. Rwanda huendesha upande wa kulia, na magari mengi madogo ya huko yana usukani kushoto. Ndiyo maana anayetafuta difu ya sedani ya zamani mara nyingi huanzia Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na kumalizia Kisekka, Kampala, au Gerezani, Dar es Salaam. Bahati nzuri difu haijui usukani uko upande gani.

Muuzaji atasema ni 4.1. Ihesabiwe. Gari likiwa limezimwa, gia ikiwa huru na matairi ya mbele yamewekewa mawe, nyanyua tairi moja la nyuma, weka alama ya chaki kwenye propela, kisha zungusha tairi hilo mara mbili. Idadi ya mizunguko ya propela ndiyo namba ya difu. Ikiwa difu iko mezani, hesabu meno. Krauni na pinioni huzaliwa pamoja, hivyo anayekuuzia moja peke yake anakuuzia kelele.

Baada ya kubadilisha, kipima kasi hudanganya kwenye magari yanayosoma kasi kutoka gia boksi. Aliyetoka 4.3 akaweka 3.7 bila kurekebisha, kishale kikionyesha 60 gari lake linakwenda karibu 70. Ukivuka Katuna na kuingia Gatuna, kamera za barabarani ambazo Wanyarwanda wameziita Sofia hazisomi kishale chako.