Kabla ya kufunga matairi mapana kwenye gari dogo

Magari madogo yaliyotumika kutoka Japan, yakiwamo ya aina ya Toyota Vitz, ni mengi katika barabara za Dar es Salaam, na pamoja nayo umeenea mtindo wa kuyabadilisha umbo. Gari hushushwa chini, rimu za kiwandani huondolewa na mahali pake huwekwa rimu kubwa zenye matairi mapana.

Mtindo huo hulipa gari sura ya kuvutia. Hata hivyo, wapo wamiliki wanaochagua matairi kwa macho tu, wakiamini kuwa kadiri tairi linavyokuwa pana ndivyo gari linavyoshika barabara. Imani hiyo ni kweli kwa kiasi katika lami kavu, lakini wakati wa mvua inaweza kugharimu maisha.

Hatua ya kwanza ni kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Kwa mfano, kipimo cha 175/65R14, kinachoonekana kwenye magari madogo mengi, kina maana kwamba tairi lina upana wa milimita 175, kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, na linafungwa kwenye rimu ya inchi 14. Kipimo halali cha kila gari huandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva au katika kitabu cha gari.

Tairi hilo lina kimo cha jumla cha milimita 583 hivi. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba tairi jipya lisizidi wala kupungua kimo hicho kwa zaidi ya asilimia 3. Ndiyo maana upana unapoongezwa, ubavu hupunguzwa. Kwa mwenye rimu za inchi 15, tairi la 185/55 lina milimita 584 na la 195/50 lina milimita 576. Yote mawili yanafaa kwa kimo.

Kinyume chake, tairi la 195/65R15 lina milimita 634, yaani ongezeko la karibu asilimia 9. Dereva anayeona spidi ya kilometa 80 kwa saa kwenye dashibodi atakuwa anakwenda kilometa 87, huku injini ndogo ikielemewa kila gari linapoondoka.

Jambo la pili ni upana wa rimu yenyewe. Tairi la 175/65R14 limetengenezwa kwa rimu ya upana wa inchi 5 hadi 6, wakati la 195/50R15 linahitaji inchi 5.5 hadi 7. Tairi pana likifungwa kwenye rimu nyembamba, mbavu zake hubinywa na gari huyumba kwenye kona. Tairi jembamba likivutwa juu ya rimu pana, kingo zake hukosa mshiko imara, na linaweza kuchomoka linapopiga shimo.

Jambo la tatu ni nafasi. Kwenye rimu huwa kuna herufi ET zikifuatiwa na namba. Namba hiyo ikiwa ndogo kuliko ya rimu ya kiwandani, gurudumu husogea nje, hukaribia madigadi na kuongeza mzigo kwenye beringi. Ikiwa kubwa zaidi, gurudumu huingia ndani na linaweza kugusa shokamzoba. Kwa gari lililoshushwa, kipimo kifanyike likiwa na abiria wote, usukani ukikatwa hadi mwisho pande zote mbili.

Aidha, suala la mvua halina budi kupewa uzito. Gari dogo lina uzito wa takriban tani moja tu. Uzito huo ukitawanywa juu ya tairi pana, mgandamizo wake juu ya lami hupungua. Maji yasipopata njia ya kutosha kupitia mifereji ya tairi, hujikusanya mbele yake na kulinyanyua. Hapo gari huelea, na usukani pamoja na breki hukosa nguvu. Hatari hiyo huongezeka wakati wa masika, hasa kwa matairi mapana yaliyokwisha kulika.

Vilevile, ubavu mfupi hauna uwezo mkubwa wa kumeza mshtuko. Katika barabara zenye mashimo, rimu hupinda na tairi hupasuka kwa urahisi zaidi. Tairi pana pia huongeza matumizi ya mafuta na kufanya usukani uwe mzito.

Mnunuzi aangalie pia namba na herufi zinazofuata kipimo. Maandishi 82T yana maana kuwa kila tairi linabeba hadi kilo 475 na linastahimili mwendo wa kilometa 190 kwa saa. Tairi jipya lisiwe chini ya kiwango cha kiwandani. Matairi yote manne yawe ya aina moja, kwa sababu matairi yenye mshiko mdogo yakiwekwa nyuma, gari linaweza kuteleza na kugeuka ghafla kwenye kona.

Kwa gari la matumizi ya kila siku, kuongeza milimita 10 hadi 20 juu ya kipimo cha kiwandani kunatosha, mradi rimu na nafasi viruhusu. Zaidi ya hapo, kinachoongezeka ni sura na gharama, wakati usalama hupungua.