Tegesha: shule jirani na shimo la dhahabu

Nyamongo, wilayani Tarime katika mkoa wa Mara, kuna neno ambalo mgeni hulisikia kabla hajamaliza soda yake ya kwanza: tegesha. Asili yake ni kutega, kama mtu anavyotega ndege, ila kinachotegwa hapa ni fidia. Ikivuma kwamba mgodi utapanuka kuelekea shamba la fulani, fulani huinua upesi nyumba ya kuta nyembamba, huezeka bati, hupanda miti iliyosongamana, kisha hukaa kumngoja mthamini na utepe wake. Fidia hulipwa kwa kilichoendelezwa juu ya ardhi, kwa hiyo anayejenga ana hesabu yake. Viongozi wameukemea mchezo huo mara nyingi. Nimeanza nao kwa sababu unabomoa dhana iliyozoeleka sana katika mijadala ya elimu, kwamba mzazi wa kijijini hasomeshi kwa kuwa haoni mbele. Mtu wa tegesha anaona mbele kuliko wengi wetu. Anaweka mtaji leo huku akikisia nani atalipa, lini, na kwa kipimo gani.

Kumsomesha mtoto nako ni kutegesha. Shida ni kwamba mthamini wa huko hajulikani atatoka wapi.

Mgodi wenyewe, North Mara, ulianza kuzalisha mwaka 2002, kilomita kama 20 kusini mwa mpaka wa Kenya, kwenye nchi ya Wakurya. Tangu hapo umepita mikononi mwa Afrika Mashariki Gold Mines, Placer Dome na Barrick, ukaitwa wa Acacia, ukarudi Barrick mwaka 2019, na sasa Serikali ina hisa za asilimia 16. Nyabirama, Nyabigena, Gokona: watoto wa hapa huyataja majina ya mashimo kama wenzao wa Dar es Salaam wanavyotaja vituo vya daladala.

Mvulana wa miaka 14 anayekaa Kewanja au Nyangoto ana shule upande mmoja na mawe upande wa pili. Jiwe likiokotwa asubuhi hupelekwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, husagwa, huoshwa, dhahabu yake hukamatwa kwa zebaki, na jioni kuna fedha mfukoni. Shule humwambia asubiri kidato cha nne. Tena humwambia hivyo huku akiwaona kaka zake waliofika kidato cha nne wakiendesha bodaboda, au wakiokota mawe yale yale. Anajua pia kwamba mawe yanaua. Mei 2011 polisi waliwapiga risasi watu walioingia mgodini, kadhaa wakafa, na hakuna familia ya hapa isiyoikumbuka siku ile. Hata hivyo jiwe bado linalipa jioni.

Msomaji asidhani haya ni ya Tarime peke yake. Miaka ya 1970 bei ya makaa ya mawe ilipopanda, wilaya za migodi za Kentucky na Pennsylvania kule Marekani ziliona vijana wakiliacha darasa. Bei ilipoanguka miaka ya 1980, wakarudi. Wachumi walioichunguza habari hiyo hawakuwakuta vijana wajinga. Waliwakuta vijana wanaolinganisha mshahara wa leo na cheti cha kesho. Kwa hiyo anapokuja mtu na semina ya kuwaelimisha wazazi wa Nyamongo juu ya umuhimu wa elimu, mimi huuliza kwanza: wewe umeleta nini cha kushindana na jioni?

Hapo ndipo tunapofika kwenye fedha, na hesabu yake inachekesha kidogo. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi ya umma haina ada wala michango. Serikali hupeleka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Shuleni hufika 6,000, yaani 500 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Mwaka 2025 gramu moja ya dhahabu ilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 200,000 katika soko la dunia. Gramu moja tu ni ruzuku ya watoto 20 kwa mwaka mzima. Watoto hao wanakaa juu ya mwamba unaotoa dhahabu kwa tani.

Ni kweli sehemu ya mali hiyo hurudi. Halmashauri hukusanya ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo. Tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2017, kampuni hutakiwa kila mwaka kukubaliana na halmashauri mpango wa uwajibikaji kwa jamii. Fedha hizo zimepaua maboma yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi, zimeleta madawati na vyoo, na anayebeza hilo hajawahi kusomea chini ya mwembe. Ila ukuta una tabia moja: hupigwa picha. Darasa jipya lina utepe wa kukata na kibao cha jina la mfadhili. Mwalimu hana utepe. Huajiriwa na Serikali, hupangiwa kituo, na akishafika hutafuta nyumba ya kupanga mahali ambapo mwenye nyumba anapanga bei kwa kipimo cha watu wa mgodini. Akipata njia ya kuhamia mjini, huhama. UNESCO ilitangaza mwaka 2024 kwamba dunia itahitaji walimu milioni 44 zaidi ifikapo 2030, milioni 15 kati yao kusini mwa Sahara. Takwimu kubwa kama hizo hutisha mpaka zikose maana. Huku Nyamongo maana yake ni nyepesi kuiona: darasa limepauliwa, limepakwa rangi, na ndani watoto wanajisomea wenyewe. Ningekuwa diwani, ningejenga nyumba za walimu kabla ya darasa lolote, na pengine ningeshindwa uchaguzi.

Mkoa wa Mara una deni la pekee katika habari hii. Novemba 1974 chama tawala, TANU, kilikutana Musoma na kuazimia kwamba ndani ya miaka mitatu kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe. Mwenyekiti alikuwa mtoto wa Butiama, Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa rais. Watoto waliandikishwa kwa wingi ambao nchi haikuwahi kuuona. Walimu waliandaliwa kwa haraka, wengine wakiwa wahitimu wa darasa la saba tu, na kufikia miaka ya 1980 wazazi walikuwa wakichangia tena. Tulifuta ada mwaka 2001, tukafuta na michango mwaka 2016, na mara zote mbili tuliujaza mlango kuliko chumba. Sasa kuna zamu nyingine. Katika mtaala mpya ulioanza 2024, shule ya msingi ni miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza mikupuo miwili kwa siku moja. Anayetaka kujua kama tumejifunza kitu tangu Musoma asisome hotuba. Aende kuhesabu viti Januari hiyo.

Yote hayo nimeyasema kama kwamba mtoto ni mvulana. Kwa msichana wa Kikurya hesabu ina mwezi wake, Desemba. Shule zikifungwa, msimu wa ukeketaji hufunguka kwa idhini ya wazee wa mila, ngoma zikashika barabara, na msichana asiyekeketwa akaitwa jina la kumfedhehesha mbele ya wenzake. Baada ya kisu, machoni pa ukoo huyo ni mtu mzima, na ng'ombe wa mahari hawako mbali. Sheria imeharamisha kumkeketa aliye chini ya miaka 18 tangu 1998. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 28 kati ya 100 wa Mara wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ni 8. Mkoa ulikuwa na 32 katika utafiti wa 2015-16. Ukeketaji unashuka, kwa mwendo wa kobe.

Katika makongamano ya elimu neno ubunifu siku hizi huambatana na kishikwambi. Sina ugomvi na vishikwambi. Walimu wetu waligawiwa vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 na wengi wanavitumia vizuri. Lakini ubunifu wa elimu ulionivutia kuliko wote katika mkoa huu hauna hata betri. Ni kambi. Kituo cha Masanga, huko Tarime, hupokea wasichana kila msimu, wakalala hapo, wakasoma, wakacheza, mpaka ngoma zinyamaze. Ng'ambo ya mto Mara, wilayani Serengeti, nyumba salama ya Mugumu ilifunguliwa mwaka 2014, na Rhobi Samwelly aliyekuwa akiiongoza akaanzisha baadaye shirika la Hope for Girls and Women. Waanzilishi wa kambi hizi walitazama kalenda ya shule wakaona kwamba likizo, iliyowekwa ili mtoto apumzike, ndiyo wiki za hatari kuliko zote. Wakaziba pengo. Kazi ngumu huja baada ya hapo, Januari, wakati wa kukaa na mzazi na kuwekeana naye sahihi mbele ya polisi na ustawi wa jamii ili binti arudi nyumbani akiwa mzima na mwanafunzi. Wengine hawarudi. Kwa aliyekwishapata mimba, mlango uliofungwa kwa miaka mingi ulifunguliwa Novemba 2021, Serikali iliporuhusu waliojifungua kurejea darasani.

 

Mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, yaani elimu ya ufundi, na hapa nina tumaini la tahadhari. Mvulana anayetambua jiwe lenye dhahabu kwa kulitazama ana elimu ya miamba ambayo hakuna mtihani unaoiuliza. Fundi wa karasha anajua mota, mkanda na umeme. Shule ya amali ya Nyamongo ikifundisha ushonaji na uokaji peke yake kwa kuwa vifaa vyake ndivyo vilivyopatikana, vijana watarudi kwenye mawe kabla ya muhula wa kwanza kwisha.

Nayo mawe yana kikomo. Mgodi wa Buzwagi, kule Kahama, ulifungwa mwaka 2021. Golden Pride ya Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi nchini, ulianza 1998 na haukufikisha miaka 20. Mzazi wa Kewanja anayemwandikisha binti darasa la kwanza Januari 2026 anasubiri amalize kidato cha nne mwaka 2035, Desemba tisa zikiwa katikati. Hata aliyejenga nyumba ya tegesha hakutarajia kumngoja mthamini muda wote huo.