KOME, ASKARI WA MTO

Ukiambiwa kuna mnyama asiye na kichwa wala macho anayelinda maji ya mji mzima, utasema ni mzaha. Hata mimi nilicheka. Kumbe ni kweli! Mnyama mwenyewe ni kome wa mtoni, mwenye mwili laini ndani ya makombe mawili yafungikayo kama kijaluba. Hata Ziwa Victoria wapo.

Kome hula kwa kuchuja. Huvuta maji, akabakiza chembe za chakula, akayatoa tena. Makumi ya lita kwa siku. Sasa, kama mashamba ya huko juu yamenyunyiziwa DDT, sumu nayo humwingia, na kwa vile yapenda mafuta kuliko maji, hung'ang'ania mwilini mwake. Ukichota chupa ya maji Jumatatu huenda usipate kitu, maana dawa ya Jumamosi imeshapita na mkondo. Lakini kome hakuhama. Nyama yake ikipimwa maabarani, ni kama kufungua rejesta ya darasa: waliopita wote wameandikwa.

Hata hivyo, rejesta husomwa baadaye. Je, anayekunywa leo? Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la dawa liliungua karibu na Basel, Uswisi. Maji ya wazima moto yakasomba tani nyingi za dawa za wadudu hadi Mto Rhine. Mikunga wakafa kwa maelfu, na huko chini watu wakaacha kuvuta maji ya mto kwa matumizi ya nyumbani.

Kwa hatari ya namna hiyo hutumiwa tabia nyingine ya kome: akionja sumu, hujifunga. Mjini Warsaw, Polandi, kome 8 huwekwa kwenye maji yatokayo Mto Vistula. Kila mmoja amegandishwa sumaku ndogo, na chombo cha umeme hupima amefunguka kiasi gani. Mmoja akijifunga si neno, labda kapumzika tu. Wakijifunga wengi kwa pamoja, basi, kengele inalia na wataalamu wanakimbilia kupima maji.

Sumu gani? Hapo kome hana jibu. Ni kazi ya mkemia. Tena dawa nyingi za siku hizi huvunjika upesi, hazikai mwilini kama DDT.

Kome wa Warsaw hushika zamu ya miezi 3 hivi, kwani wakizidisha huyazoea maji yale. Kisha hurudishwa ziwani walikotolewa, wametiwa alama wasije wakachukuliwa tena.