Sarafu ya Fedha kwa Miji ya Kale

Katika soko la mifugo mjini Isiolo, mnunuzi na muuzaji wakishapatana bei ya ngamia, aghalabu kinachotolewa mfukoni siku hizi ni simu. Nilikuwa hapo pamoja na kijana mmoja wa kidato cha tatu, naye akaniuliza: "Mwalimu, kabla Mzungu hajatuletea pesa, mababu zetu walikuwa wakinunua kwa nini?" Swali hilo limenikosesha raha. Simlaumu kijana. Nawalaumu waliomfundisha, nami ni mmoja wao.

Lugha yenyewe ingeweza kuanza kumjibu. Shilingi kweli tumeipata kwa Mwingereza. Hela ni ukumbusho wa "Heller" ya Wajerumani, iliyotumika Tanganyika kuanzia 1904. Lakini pesa asili yake ni Bara Hindi, na fedha tumeipokea kutoka Kiarabu. Tena neno hili la mwisho lina maana mbili: ni madini meupe, na ni mali ya kununulia. Lugha haiunganishi maana mbili kama hizo bure. Kulikuwa na wakati ambapo mali na madini hayo vilikuwa kitu kimoja mkononi mwa mfanyabiashara.

Wakati huo si wa kubuni. Katika miaka ya 1980 wanaakiolojia waliochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, walipata visarafu vidogo mno vya fedha vilivyotengenezwa papo hapo pwani. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na chache za dhahabu, iliyofukiwa tangu karne ya 11. Masultani wa Kilwa nao walipiga sarafu za shaba kwa wingi. Upande mmoja liliandikwa jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, yaliyochaguliwa ili vina vilingane na jina lile. Hebu fikiri, msomaji: mchuuzi wa samaki alishika ubeti kiganjani mwake!

Sarafu hizo zilisafiri. Moja ya Sultani al-Hassan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Sasa tuwatazame wenzetu. Mwaka 2006 Ujerumani ilitoa sarafu ya fedha ya yuro 10 kuadhimisha miaka 650 ya muungano wa miji ya biashara ya Hansa, iliyokutana Lübeck mwaka 1356. Kati ya safari ya Ibn Battuta na mkutano huo ni miaka 25 tu. Kilwa na Lübeck zilistawi katika zama zile zile. Mjerumani ameikumbuka miji yake kwa fedha halisi. Sisi tumeikumbuka vipi yetu?

Nashauri kwamba Kenya, ikiwezekana kwa ushirikiano na Tanzania, itoe sarafu ya kuadhimisha miji ya kale ya biashara: Pate, Manda, Gedi, Mombasa, Kilwa na mingineyo. Sheria haizuii. Kifungu cha 231 cha Katiba ya 2010 kinakataza sura ya mtu binafsi kwenye noti na sarafu, lakini kinaruhusu picha zinazowakilisha Kenya au jambo linaloihusu. Sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Sina ugomvi na wanyama hao. Hata hivyo, nchi hii haikukaliwa na wanyama peke yao.

Kuna watakaopinga. Watasema kwamba sarafu ya fedha itaishia katika makabati ya matajiri wa ng'ambo, nayo haitamfaa mwananchi wa kawaida. Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali nusu. Kilwa yenyewe imetufundisha: sarafu zake nyingi zilikuwa za shaba, za kununulia mahitaji ya kila siku. Basi iwepo ya fedha kwa wakusanyaji, na iwepo ya thamani ndogo itakayozunguka sokoni, yenye picha ya mtepe na mstari wenye vina, kwa Kiswahili. Na kila shule ipewe chache za kufundishia. Sarafu isiyofika darasani itakuwa pambo tu.

Wengine watauliza: hayo ya pwani yanatuhusu nini sisi wa Isiolo? Yanatuhusu sana. Pembe za ndovu na ngozi zilizopakiwa majahazini hazikuota baharini. Zilitoka bara, mikononi mwa wawindaji na wachukuzi ambao majina yao hayakuandikwa kwenye sarafu yoyote. Bandari bila bara ni mlango usio na nyumba. Leo serikali inapozungumzia ujia wa kutoka Lamu hadi Isiolo na kuendelea hadi Ethiopia na Sudan Kusini, tunaambiwa ni jambo jipya. Jipya ni lami. Fikra ya kuunganisha bahari na bara ni kongwe.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Yule kijana wa Isiolo hakuiacha asili yake, hakuonyeshwa. Siku atakapoweka sarafu hiyo kiganjani na kuusoma mstari wake kwa lugha anayoielewa, hatakuwa na haja ya kuniuliza tena ni nani aliyetuletea pesa.