Ukoga, Chai na Meno ya Kwanza

Bakteria wanaohusika zaidi na kuoza kwa meno ya watoto huitwa Streptococcus mutans. Walitambuliwa Uingereza mwaka 1924 na J. Kilian Clarke. Hupenda kujishikiza mahali pagumu, na ndiyo maana hushamiri kinywani mara meno yanapoanza kuota, mtoto akikaribia miezi 6. Mtoto huwapata kupitia mate ya watu wanaomlea, mara nyingi mama yake. Anayeonja uji kwa kijiko kisha akamlisha mtoto kwa kijiko kilekile humpa pamoja na uji huo sehemu ya bakteria wake. Yaya, nyanya na ndugu wakubwa nao huwaambukiza vivyo hivyo, hivyo hakuna haja ya kumtwika mama lawama zote. La maana ni kwamba mlezi mwenye matundu yasiyotibiwa hubeba bakteria wengi zaidi. Kumtibu yeye ni kumkinga mtoto.

Bakteria hawa wakiwa peke yao hawana madhara makubwa. Huishi ndani ya ukoga, ule utando laini na mzito unaotanda juu ya meno yasiyosuguliwa, na chakula chao ni sukari. Wakishaila hutoa asidi. Asidi ikizidi kiwango fulani, yaani pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya gamba la jino huanza kuyeyuka. Mate hujitahidi kuipunguza makali asidi hiyo na kurudisha madini, kazi inayoweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima. Sukari nyingine ikiingia kabla mate hayajamaliza, gamba hupoteza madini tena. Kwa hiyo idadi ya mara ambazo sukari huingia kinywani ina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Hapo ndipo maisha ya nyumbani mjini Eldoret, Kenya, yanapoingia. Chai ya maziwa yenye sukari hukaa kwenye thamosi tangu asubuhi, na mtoto humiminiwa kila wakubwa wanapojimiminia. Kikombe kimoja kinywewapo pamoja na chakula huleta asidi mara moja. Kikombe hichohicho kikirambwa kidogo kidogo hadi adhuhuri, meno hayapati nafasi ya kupumua. Peremende na biskuti zinazonata hufanya vivyo hivyo. Mursik, maziwa ya mgando yanayotengenezwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, haina sababu ya kuogopwa: ina kalisi na fosfati, ambazo ni madini ya jino lenyewe. Balaa huanza pale inapotiwa sukari ili mtoto aipende.

Usiku ni hatari zaidi, kwa kuwa mtu akilala mate hupungua. Mtoto anayelazwa na chupa ya chai, uji mtamu au maziwa yenye sukari hulala huku kinywaji kikituama kwenye meno ya mbele ya juu. Yale ya chini hukingwa na ulimi na mate. Ukiuinua mdomo wa juu wa mtoto kwenye mwanga wa dirisha, dalili ya kwanza huonekana kama mstari mweupe usiong'aa karibu na ufizi. Katika hatua hiyo jino halijatoboka bado, na linaweza kuokolewa. Mstari ukigeuka kahawia na kuanza kubomoka, nafasi hiyo imepita.

Rangi ya kahawia, hata hivyo, si lazima iwe kuoza. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa maji ya visima yana floridi nyingi, na watoto waliokua wakiyanywa huota meno ya kudumu yenye mabaka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 uliwakuta watoto wengi Kenya wakiwa na mabaka hayo. Floridi hiyohiyo kwa kiasi kidogo, kama iliyo kwenye dawa ya meno, huimarisha gamba. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutosheka na dawa ya ukubwa wa punje ya mchele, mara mbili kwa siku, mzazi akishika mswaki mwenyewe.

Wazazi wengi huona meno ya utotoni hayastahili gharama, maana yatang'oka. Lakini magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 au zaidi, nayo huhifadhi nafasi ya meno yanayofuata. Tundu likifika kwenye neva, usaha unaweza kuharibu hata jino la kudumu linalojengeka chini yake. Wala dawa za barabarani za kutoa "mdudu" hazisaidii kitu, kwani hakuna funza ndani ya jino.

Eldoret ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na Chuo Kikuu cha Moi hufundisha madaktari wa meno mjini humo. Kwa watoto wadogo wasioweza kuvumilia mashine, ipo dawa ya fedha na floridi ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Hupakwa tu juu ya tundu, bila sindano, na huua bakteria na kugandisha sehemu iliyooza. Tundu hugeuka jeusi tii, jambo ambalo wazazi hawalipendi, ila jino hubaki mahali pake hadi wakati wake wa kung'oka.